Karatasi za Kunyongwa kwa Babu

Nilipopata kibarua cha kupanga mafaili ya zamani katika stoo moja ya serikali mjini Kitale, ulikuwa umepita mwaka mmoja na nusu tangu nihitimu, na nilikuwa nimechoka kuulizwa kama nimepata kazi. Miaka ya elfu mbili ilikuwa bado michanga. Kazi yenyewe ilikuwa kutoa mafaili yaliyotafunwa na mchwa, kuyapangusa, kuandika namba zake kwenye daftari na kuyarudisha. Shangazi, dada mkubwa wa marehemu baba, alipopata habari alinipigia simu kutoka kibanda kimoja cha Kamukuywa. Hakunipongeza. Alitaka nimtafutie baba yake.

Baba yake, yaani babu yangu, alikamatwa wakati wa ukoloni. Alikuwa akikamua ng'ombe kwenye shamba la mzungu nje ya Kitale, akagombana na nyapara, na nyapara akafa. Mahakama ikaamua anyongwe. Hayo nyumbani hayakuwa siri. Kilichotutesa ni namna alivyokufa. Mfungwa mmoja aliyeachiliwa alipita nyumbani akasema kwamba siku ya kunyongwa haikumkuta hai, alikuwa amejimaliza mwenyewe ndani ya seli. Barua ya serikali haikuja, kwa hiyo maneno ya yule mfungwa ndiyo yaliyobaki. Na kwetu Wabukusu, aliyejitoa uhai hatajwi. Huzikwa bila hotuba, na hakuna mtoto anayepewa jina lake.

Sasa mtoto wa kaka yangu, wa miezi miwili, alikuwa analia. Kwetu mtoto akilia hivyo hutajiwa majina ya wazee waliotangulia, moja baada ya jingine, na lile linalomnyamazisha ndilo lake. Waliyamaliza yote. Shangazi akasema limebaki moja. Mdogo wake babu, mzee pekee aliyesalia wa kizazi kile, akakataa katakata. Alisema hatalitamka jina hilo mpaka aonyeshwe kwamba kaka yake aliuawa na mkono wa mtu mwingine.

"Wewe si ndiye umesoma," shangazi akaniambia. "Tuletee karatasi."

Mimi ni mtu wa kufikiria jambo mpaka liharibike. Nilijiuliza kama ni ruhusa kusoma faili ambalo sikutumwa. Nilijiuliza, nikilipata na likithibitisha maneno ya mfungwa, nitarudi nyumbani na uso gani. Niliwaza pia kwamba huenda mtoto anaumwa tumbo tu, nikaona aibu kuwaza hivyo. Siku tatu nilipita mbele ya rafu ya kesi za mauaji nikijifanya natafuta mambo ya mipaka ya mashamba.

Msimamizi wa stoo, mwanamke mnene aliyebakiza miaka miwili astaafu, ndiye aliyenigundua. Nilimweleza yote.

"Kwani digrii yako ni ya kuogopa?" akaniuliza. "Toa hiyo faili, bana. Wenyewe wote wamekufa."

Lilikuwa faili jembamba. Nilidhani nitakuta hasira ndani yake, au angalau majuto. Nilikuta utaratibu. Barua ya kwanza ilimuuliza mkuu wa wilaya kama anaona sababu yoyote ya mtu huyu kuhurumiwa. Alijibu kwa mistari miwili kwamba haoni. Iliyofuata ilisema gavana ameyapitia mashauri, na sheria ifuate mkondo wake. Kisha ikaja tarehe, na saa, ambayo ilikuwa ya asubuhi mapema kabla wafungwa wengine hawajafunguliwa. Kulikuwa na karatasi ya uzito. Babu alipimwa alipoingia gerezani na akapimwa tena siku moja kabla ya kunyongwa, kwa sababu urefu wa kamba ulitegemea uzito wa mtu. Pembeni mtu alikuwa amepiga hesabu kwa penseli, akakosea, akafuta, akapiga upya. Kamba ilijaribiwa kwa gunia la mchanga. Orodha ya vitu vyake ilikuwa na blanketi moja, shati moja na kofia moja.

Nilisoma nikiwa nimekaa sakafuni, na sikulia. Nilichoka tu, uchovu wa mtu aliyesimama foleni siku nzima halafu dirisha likafungwa. Watu wale wote walikuwa wameandika vizuri. Kila mmoja alikuwa ametia sahihi mahali pake.

Cheti cha daktari kilikuwa karibu na mwisho. Nilikisoma mara nne, maana sikujiamini. Kilisema daktari alikuwepo, kwamba mfungwa alitembea mwenyewe mpaka mahali pale, kwamba aliteremshwa baada ya saa nzima, na kwamba kifo kilitokana na hukumu kutekelezwa. Alizikwa ndani ya ua wa gereza siku hiyohiyo. Mkuu wa gereza alithibitisha chini yake.

Ukurasa wa mwisho ulikuwa barua ya kuwaarifu jamaa. Kumbe iliandikwa. Ila walifuata anwani iliyokuwa kwenye kipande chake, kile cheti cha kazi ambacho kila Mwafrika alilazimika kutembea nacho, na kipande kilimtaja kuwa mtu wa shamba la yule mzungu. Barua ikapelekwa huko. Mzungu akairudisha na maneno matatu kwa wino mwekundu: hana jamaa hapa. Ikafungiwa kwenye faili, na nyumbani, safari ya siku moja tu, watu wakaendelea kungojea.

Msimamizi alinitolea nakala, na kwa hiari yake akanigongea muhuri wa stoo. Alisema wazee huamini muhuri kuliko Biblia.

Jumamosi nilifika nyumbani na kukuta kimya. Mke wa kaka yangu alinisalimia akicheka. Mtoto alikuwa ameacha kulia tangu Jumatano, bila dawa, bila jina. Mzee alikuwa ameketi sebuleni na chai yake, ametulia, na alisema mambo yamejimaliza, hizo karatasi nizirudishe nilikozitoa. Sikuficha kwamba nilihisi nafuu. Nilianza hata kufunga bahasha.

Shangazi aliweka kikombe chini. "Mtoto amenyamaza," akasema. "Mimi je? Miaka yote hii nasikia watu wakisema baba yangu alijiua. Soma."

Nilisoma, nikitafsiri kutoka Kiingereza, nikikwama. Mzee alisikiliza akitazama mlango. Nilipofika kwenye cheti cha daktari aliinua mkono.

"Nani alimfunga kamba?"

Nilipekua. Jina halikuwepo, wala cheo. Katika karatasi zile zote, mtu huyo tu ndiye ambaye hakutia sahihi. Niliona nimeharibu kila kitu.

"Hawakumwandika, kuka," nikasema, maana ndivyo tunavyomwita babu. "Lakini daktari anasema alitembea mpaka pale akiwa hai. Na mkuu wa gereza ametia sahihi."

 Mzee akaomba karatasi, akaugusa muhuri kwa kidole gumba ingawa hakujua kusoma. Kisha akasema, bila kumtazama mtu, kwamba basi kaka yake aliuawa, na aliyeuawa hana kosa na watoto, jina lake lipewe mtoto.

Shangazi hakushangilia. Aliuliza kama babu alikuwa amekonda.

Hilo ndilo swali nililoliogopa njia nzima. Ile karatasi ya uzito ilionyesha kwamba babu aliongezeka ratili saba gerezani, na mimi nilikuwa nimewaza jinsi mtu anavyolishwa na watu wanaojua siku yake. Nilikuwa nimeamua kuruka ukurasa huo. Nikashindwa kudanganya.

"Alinenepa kidogo, senge," nikasema, kwa neno letu la kumwita shangazi.

Alifikiri. "Basi alikuwa anakula," akasema. "Mama alikufa akidhani alikataa chakula."

Akanyoosha mikono, akapewa mtoto, akamwita kwa jina la babu. Mtoto alishtuka, akaanza kulia upya, na shangazi akamtembeza uani akimbembeleza kwa jina hilohilo, kwa sauti ambayo majirani wangeweza kuisikia.