Mabua Tusiyoyachoma Kisoko

Mwanangu, sogea karibu nikwambie habari ya asubuhi moja isiyonitoka, ya wakati ule wanajeshi wakiitawala Uganda, nami nimeolewa juzi tu hapa Kisoko.

Mume wangu, Owor, alikuwa mwalimu wa sayansi. Siku askari walipowachukua walimu wenzake, alikuja nyumbani mbio, hata hakuketi.

"Nakwenda Busia, Athieno, nivuke upande wa Kenya. Wakitulia nitarudi."

Akapita katikati ya migomba. Sikumwona tena.

Nikabaki na mama yake, na shamba. Askari walipokuja kumtafuta, majirani wakaanza kutukwepa kama nyumba yenye ndui. Mama mkwe alinyamaza, nami nikanyamaza. Kuna siku sauti yangu niliisikia nikiita kuku tu.

Mahindi yalipovunwa, asubuhi hiyo ninayokuambia nikakusanya mabua niyachome kama wengine walivyofanya. Kusema kweli, nilitaka tu kuona kitu kikiisha. Moto ulipoanza kushika, mama mkwe akaja na jembe, akaufukia kwa udongo huku akikohoa.

"Owor alikuambia nini juu ya mabua?"

Alikuwa ameniambia mara nyingi tukipalilia. Miti na mahindi huvuta hewani kitu kinachoitwa kaboni, kile kile kinachobaki cheusi kwenye makaa, na kwa mwanga wa jua majani hukigeuza kuwa mwili wao. Tukila sisi, au akila ng'ombe, kinakuwa mwili wetu. Tukipumua, kinarudi hewani. Kilichokufa huliwa na mchwa na minyoo: kingine kinapanda hewani, kingine kinakaa udongoni na kuulainisha, ushike maji. Ukichoma, karibu chote kinaondoka na moshi.

"Sijui mwanangu analala wapi," mama akasema. "Alichotuachia ni maneno yake. Hayo nayo unayachoma?"

Tukalia pale pale, kwa mara ya kwanza pamoja. Kisha tukachimba mtaro, tukalaza mabua, tukatia samadi, tukafukia. Msimu uliofuata madukani hakukuwa na chumvi wala sabuni, na mvua ilichelewa, lakini mtama tulioupanda juu ya mtaro ule ulisimama. Tulikula.

Serikali ile ilipoanguka, watu walirudi kupitia Busia na mizigo kichwani. Nilisimama barabarani nikiwatazama mpaka wakaisha. Owor hakuwamo. Mama naye akafariki baadaye, mikononi mwangu.

Basi sikiliza, mwanangu. Mabaki ya shamba usiyachome, yape udongo. Na ukiachwa, usimnyamazie aliyeachwa pamoja nawe, maana mnaweza kulala nyumba moja na kila mtu akafa kwa upweke wake. Msemeshe, hata kama ni juu ya mabua.

Mungu akupe udongo mweusi, mwanangu, na mtu wa kulima naye.