Mnazi wa Upande wa Pili wa Ua

Mama yangu Somoe ana mkoba wa turubai, zipu yake imekufa zamani, na mimi nauchukia kuliko kitu chochote cha nyumbani. Miaka yote tuliyokaa Muyeye, mtaa wa Malindi, ulikuwa chini ya kitanda, umejaa nguo za safari: sweta nilizonunuliwa mtumbani utotoni nisizivae hata siku moja, na koti zito la baba lililoliwa na mende. Sweta, kwa joto la Malindi! Ukitaka kujua maisha ya mama yangu yalikwenda wapi, anza na mkoba huo.

Wazee wangu ni Wabajuni wa Chula, kisiwa cha upande wa Somalia. Vita vilipowafikia walivuka mpaka, wakapita Lamu, wakaishia kwenye kambi ya wakimbizi kule Malindi pamoja na watu wengine wa visiwani. Baadhi yao walihojiwa, wakapandishwa ndege kwenda Ulaya na Marekani. Kisha kambi ikafungwa, na waliobaki wakaambiwa wapande malori kwenda kambi za mbali. Baba yangu, Shee, alikataa malori. Yeye alikuwa keshahojiwa, akaambiwa asubiri, na neno hilo moja lilimtosha maisha yake yote.

Aliyewapa pahali pa kujenga ni Mzee Mwaringa, Mgiriama mwenye shamba. Mkewe, Kahonzi, alileta makuti ya kuezekea na chungu cha maji, akawa shoga wa mama tangu siku hiyo. Nami nilipozaliwa, mzee alikuja na nazi iliyoota.

Huku kwetu ardhi yaweza kuwa ya huyu na mti uliomo ukawa wa yule. Mpangaji huachiwa alime mihogo na mahindi, vitu vya kung'olewa. Akiruhusiwa kupanda mnazi, basi amekubaliwa, hapo ni kwake. Mzee alitaka kitovu changu kifukiwe chini ya mche ule, mbele ya mlango wetu.

"Ahsante, mzee wangu," baba alimwambia, "lakini mtoto huyu si wa hapa. Mwakani tutakuwa Marekani. Nikipanda mnazi nimekata tamaa."

"Mnazi haukushiki mguu, Shee. Siku ya kwenda utauacha."

Baba akatia pamba masikioni. Mama hakuwa na ubavu wa kumpinga mumewe, lakini roho yake haikukubali kitovu changu kikatupwe jaani. Akauchukua ule mche akaenda kwa Kahonzi. Wakachimba wao wawili, wakafukia kitovu na kupanda mche juu yake, upande wa pili wa ua, pahali ambapo baba hangeuona kila atokapo nje. Kahonzi akasema, "Huu ni wa mwanao. Mimi naulinda tu." Hayo nilihadithiwa na mama, sikuyaota. Kila ulipozaa aliniita nikanywe dafu, akinitania, "Haya njoo, mwenye mnazi."

Baba alikufa akisubiri. Alikuwa fundi hodari wa vitanda vya kamba, mtu mpole, na bado nina hasira naye. Kuta zetu hazikupigwa lipu kwa sababu mwakani tunaondoka. Choo kilikuwa cha magunia kwa sababu hiyo hiyo. Watu wa mtaa walimwita Marekani, akaitika kwa kicheko.

Mzee Mwaringa naye akafuata. Mwaka jana mwanawe, Thoya, akapata mnunuzi wa shamba anayetaka kujenga nyumba za wageni, na sisi wapangaji tukaitwa mbele ya wazee wa mtaa. Uamuzi ulikuwa mwepesi: aliyeruhusiwa kupanda mti wa kudumu akatiwe kipande, abaki na nyumba yake. Asiye na mti aondoke. Mutuku, aliyetoka Ukambani mimi nikiwa msichana mkubwa, alionyesha miembe yake miwili, akakatiwa hapo hapo.

Zamu ya mama ikafika.

"Umeingia hapa lini, mama?" aliuliza Mzee Tsuma, aliyeongoza kikao.

"Tangu kambi ifungwe."

"Mti wako uko wapi?"

Mama akanyoosha kidole ng'ambo ya ua. "Ule pale. Kitovu cha binti yangu ki chini yake. Muulizeni Kahonzi, tulipanda naye."

Kahonzi alikuwa ameketi kando ya mwanawe. Thoya alikuwa akichora chini kwa kijiti. Sote tulimngojea, na nakiri sikuwa na wasiwasi hata chembe. Bibi huyu ndiye aliyeniogesha nilipozaliwa.

Akainua uso, akasema kwa macho makavu, "Mino simanya. Mimi sijui habari hizo. Mnazi uko kwangu, ni wangu."

Nilisimama nikapiga kelele, nikamwita mwongo mbele ya watu. Mtu mmoja nyuma akasema, "Wewe si wa Marekani? Wataka mnazi wa nini?" Watu wakacheka. Thoya pia alicheka. Mama hakubisha. Alimtazama shoga yake kitambo, akasema, "Basi," akanishika mkono tukatoka.

Siku ya kuhama, mkoba ukatolewa chini ya kitanda. Baada ya kungojea kote kule, safari ndiyo hiyo, kutoka Muyeye hadi Kilifi. Mkokoteni wa kutufikisha stendi ulikuwa umeshapakiwa Kahonzi alipopenya uani, amebeba nazi iliyoota.

"Shoga yangu, msiende mikono mitupu," alisema, na machozi yalikuwa yakimtoka. "Ni ya mnazi ule wa mwanao. Mkaipande huko muendako."

Wa mwanao! Nilitaka kumrushia nazi yake usoni. Mama aliipokea kwa mikono miwili, akasema ahsante, akaitia mkobani juu ya sweta.

Tumepanga chumba ghorofa ya pili. Mche umo ndani ya ndoo pale roshani, umefika gotini sasa, na mwenye nyumba ameshatuambia tuuondoe.