Punje Chini ya Ulimi

Nilipokuwa mtoto kule Kasungami, hakuna nguruwe aliyechinjwa uani kwetu kabla Kambo, nyanya yangu, hajampanua kinywa kwa kijiti na kumvuta ulimi. Akipapasa punje ngumu kama mchele, alitema mate kama aliyeona mchawi.

"Huyu iko na mayai ya mulozi. Mwenye atamukula ataleta ugonjwa ya kuanguka mu nyumba."

Siku moja baba mdogo akamcheka. "Mama, ulimi ni nyama tu!" Akamchinja nguruwe aliyekataliwa, akamchoma nusunusu, akala na wenzake. Mimi na dada yangu Ngoie tulikatazwa hata kulamba mfupa. Hatukulamba.

Baba mdogo hakuanguka. Kila mara alimchokoza Kambo: "Mulozi amenisahau, Mama?" Halafu alikuwa akitoka chooni, hanawi, anakuja kutukatia nyanya mbichi kwa chumvi. Tulizipenda sana.

Aliyeanguka ni Ngoie. Mchana kweupe, kando ya mbabula, lile jiko letu la makaa, akipika bukari, ugali wetu. Povu mdomoni, mwili ukiruka, mkono ukisogea kwenye makaa mekundu. Majirani wakajaa, wakasimama mbali.

"Musimuguse! Ile povu itawaambukia!"

Na sisi tulikuwa tumefundishwa hivyohivyo, na Kambo mwenyewe. Nami nikasimama mbali nao.

Kambo akaipiga mbabula teke kwa mguu mtupu. Makaa yakamwagika, mengine juu ya mguu wake. Akamlaza Ngoie ubavu, akamfuta povu kwa kitenge alichovaa.

"Kambo, na ugonjwa?" nikalia.

"Nyamaza! Ikuje kwangu, basi."

Haukuja. Povu haliambukizi mtu. Daktari alitueleza baadaye: mla punje hupata mnyoo tumboni, mayai ya mnyoo hutoka naye chooni, na kwa mikono michafu huingia kwa mwingine, mpaka kwenye ubongo. Nikazikumbuka zile nyanya.

Ngoie anakunywa dawa, anaishi. Kasungami nyumba zimesogea mpaka kwenye mazizi, na nguruwe bado wanazurura nyuma ya vyoo. Hapo wajuaji huniambia wazee wetu walikuwa wajinga, nami hugombana nao, sifichi. Kambo aliijua nyama, hakuijua mikono. Sawa. Lakini aliamini kabisa kwamba povu lile lingemwangusha na yeye, na alilifuta lote.