Njia ya Pili ya Zahanati

Kabla ya daraja la Ndundu tulikuwa tukivuka Rufiji kwa pantoni. Unafika asubuhi, unakuta pantoni mbovu, unamuuliza mama muuza wali. Naye bila kuinua uso kwenye sufuria anakujibu fundi keshafika, saa hizi hizi inatembea. Unakaa, unakula wali. Mchana unakula tena. Marehemu mama yangu ndiye aliyegundua kwamba habari za fundi zilikuwa zikija wali unapobaki mwingi. Tangu hapo, mtu akiniambia njia iko wazi, kwanza natazama anauza nini. Wali wenyewe ulikuwa mtamu lakini, wa nazi, mchele wa bondeni. Haya, siko huko.

Nalinda chumba kimoja hapa Kibiti, chenye ruta na nyaya za mtandao wa zahanati ya visiwani, kule deltani. Binti yangu ndiye muuguzi wake. Mzazi akikwama kujifungua, anamwita daktari wa huku kwa video, daktari anamwelekeza fanya hivi, fanya vile. Mtandao ukikatika anabaki peke yake na yule mwanamke, maji ya chumvi pande zote. Masika iliyopita ulikatika, mtoto hakupona. Binti yangu hajanisimulia yote, na mie sijamuuliza.

Basi akaletwa fundi atengeneze njia ya pili ya mtandao. Alikuja na bodaboda, akamwambia dereva amngoje. Shikamoo ilimtoka nusu. Akakaa kaegemea ukuta, kioo cha kompyuta akione yeye tu, na kila akiandika neno la siri ananitazama mie. Kwani nitalisoma? Nimeishia darasa la tatu.

Nikamuuliza anaandika nini. Alieleza, sikatai. Njia kuu inajitafuta yenyewe: ruta hii inauliza ruta jirani, jirani anauliza jirani yake, mnara mmoja ukizima wanapashana habari, wanazungukia kwingine. Nikamkumbuka mama muuza wali. Nikamuuliza, je, jirani akidanganya? Akacheka, akasema ndiyo maana njia ya pili anaiandika kwa mkono. Hiyo haiulizi mtu. Inakaa vile vile alivyoiandika, inalala mpaka ya kwanza ife.

"Inapita wapi?"

"Bondeni, babu. Kuna mlingoti wa antena kwa mwenye duka mmoja. Nimeshaiandika, na imekubali."

Imekubali. Nani kamuuliza nani? Nikamwambia achomoe waya wa njia kuu tuone. Akasema hakuna haja, taa ni ya kijani. Alivyozidi kukataa ndivyo nilivyozidi kusogea mlangoni, asitoke. Nikampigia binti yangu video kwa simu yangu, akasema hana mgonjwa, tujaribu tu.

Fundi akachomoa. Uso wa binti yangu ukaganda, mdomo wazi. Tukangoja. Fundi akagonga vitufe, akagonga tena, jasho likamtoka puani. Moyoni nikasema huyu kaiuza njia yetu, au hakuiweka kabisa. Akarudisha waya, binti akarudi.

"Njia ya bondeni haijibu," fundi akasema, kama anayesema peke yake.

"Ile ya mlingoti wa mwenye duka?" binti yangu akauliza. "Kaka, si kahamia dunguni. Mpunga umebeba, yuko huko juu anafukuza ngedere na nguruwe. Na betri ya sola ya mlingoti kaondoka nayo, apate taa."

Mie nimezaliwa bondeni. Kila mwaka tulikuwa tukihamia shambani, tukilala juu ya dungu, kibanda cha juu ya miti, mpaka mpunga uingie ghalani. Lakini siku nzima nilikuwa namtazama fundi, huo mlingoti haukunijia akilini.

"Atarudi lini?" fundi akauliza.

"Akishavuna. Masika itakuwa imekwisha. Sasa masika hii, kaka, ukikatika tena nimwite nani?"

Fundi akafunga kompyuta, akaitia begini, akaniuliza choo kiko wapi. Nikamwonyesha nyuma ya nyumba. Akaenda, begi begani. Sikupenda lile begi, lakini nitamzuia mtu choo?

Nilipotoka nikamkuta dereva wa bodaboda bado amekaa juu ya pikipiki yake. Akaniambia fundi kakipita choo, kakatiza kwenye mihogo mpaka lami, kasimamisha gari linaloelekea Ndundu. Ndani binti yangu alikuwa bado kwenye kioo cha simu niliyoiacha mezani, ananiita, baba, fundi kasemaje? Fundi hajarudi mpaka leo.