Marwa Aliyebaki Shimoni

Nilisimama sebuleni kwa shemeji yangu Magesa, hapa Nyasho, nimeshika sururu, na nyuma yangu wachimbaji wanne wa zamani wana kamba. Magesa alikuwa anakunywa chai mbele ya kompyuta.

Mwenye kosa ni yeye. Nikipita dirishani kwake nilimsikia anamwambia mwenzake wa Bunda kwenye simu, "Marwa abaki shimoni kwanza. Tukimtoa mapema, nani atamjali? Acha alie, amtaje mke wake." Mimi nilikuwaga mchimbaji wa dhahabu Buhemba, nikafukiwa siku mbili. Sikuuliza kitu, nikakimbia kuita wenzangu.

"Shimo liko wapi, muuaji wewe?" nilimuuliza.

"Shemeji, Marwa ni mtu wa gemu hii ya kompyuta. Hadithi tunatunga sisi. Mchezaji asipomwonea huruma, hatahangaika kumtafuta."

Wenzangu walicheka mpaka wakadondosha kamba. Mimi nilikaa chini, nikamshukuru Mungu kwamba hakuna aliyefukiwa. Lakini kile kilio na kule kumtaja mke ni vyangu, mimi mwenyewe nilimsimulia nilivyolia kule Buhemba. Kwa hiyo Magesa anijibu mbele ya watu: atamtoa Marwa lini?