Kaka Yangu, Kompyuta na Wastaarabu wa Hewani

Kiharusi kilipomnyang'anya kaka yangu mkono wa kulia, miaka ya tisini, alianza kutuma Morse, zile herufi za milio ya nukta na vistari, kwa mkono wa kushoto. Yeye alikuwa kisiwani Nosy Be, mimi ng'ambo mjini Mahajanga, sote tuna leseni za redio ya ridhaa, ya kuwasiliana hewani kwa kujifurahisha tu, na Morse ni yeye aliyenifundisha, akigonga meza kwa kijiko. Kila jioni tulikutana hewani na wenzetu watatu, watu wazima na ndevu zao, waliomwita mwalimu. Mkono wa kushoto ulikuwa mzito: nukta zinageuka vistari, maneno yanakatika. Siku moja mmoja wao akamwambia, sote tukisikia, apumzike nyumbani asituchafulie mawimbi. Hasira zilinipanda mpaka masikio yakawaka moto.

Nikafunga safari. Kutoka bandari ya Antsahampano nilivuka kwa boti na kompyuta kuukuu mapajani, nimeifunika nailoni, na ole wake ambaye angeirushia maji. Kwa kaka nikachomelea waya kutoka nyuma ya kompyuta hadi kwenye redio, transista katikati iwe swichi, ili achape herufi kwa kidole kimoja na mashine itume Morse yenyewe. Mara ya kwanza kompyuta ilipowaka tu, redio ikapiga mlio mmoja usiokatika. Nikamwonya: washa kompyuta kwanza, redio baadaye. Alikubali shingo upande.

Niliporudi Mahajanga nikamsikia hewani, Morse imenyooka kama rula. Wacha wee! Yule yule aliyemfukuza ndiye wa kwanza kumpokea, eti karibu mwalimu, tulikukosa sana. Mnafiki mkubwa. Nilikuwa nimeshaweka kidole tayari kuwapa vidonge vyao, kaka akanyamaza. Nilijua anafanya nini. Alikuwa anachomoa waya wangu.

Akarudi kwa mkono wa kushoto, kwa taabu, akiwauliza hali za watoto wao. Mmoja akaaga, kaitwa kula. Mwingine akasema umeme unamsumbua. Umeme gani, na mtaa wetu ni mmoja na taa zangu zinawaka? Wa tatu hata kuaga hakuaga.

Kaka akatuma, herufi moja moja: "Nani bado yupo?"

Kwa hasira nikakosea hata herufi zangu mwenyewe. "Mimi," nikamjibu.

"Wewe najua," akatuma. "Nauliza wengine."