Mavi ya Kuku Mbele ya Pilau ya Wakwe

Nimefanya mengi ya aibu maishani, lakini hili la kuku ndilo linalonifanya mpaka leo nipite njia za nyuma kila nikifika Muyinga mjini, kwa hiyo nawasimulia huku nimeinamisha kichwa.

Asubuhi moja niliamka Gitega, nikaona nimeichoka, nikabeba begi langu na kusimamisha lori la kwanza lililopita. Dereva akaniuliza naenda wapi, nikamwuliza yeye anaenda wapi, akasema Muyinga, nikasema basi na mimi ndiko ninakokwenda. Huko nikapata kazi kwa Mama Zaituni, mjane wa Kiislamu aliyefuga kuku wa nyama nyuma ya nyumba. Kuku wenyewe walikuwa wanaharisha maji matupu na kufa wawili watatu kwa siku, na wiki mbili mbele walikuwa wanakuja watu kuleta posa ya binti yake. Hao kuku ndio walikuwa kitoweo cha wageni.

Sasa, shule niliiacha mapema lakini macho sikuyaacha. Gitega nilikaa kwa mfugaji mmoja aliyeloweka chakula cha kuku siku tatu, amekifunika bila kubana, mpaka kinachacha na kunukia kama maziwa mgando, ndipo anawapa. Alinieleza kwamba ule uchachu unawazuia wadudu wabaya tumboni na kuwapa nafasi wazuri, utumbo unatulia, chakula kinakaa mwilini badala ya kupita tu. Nikafanya hivyo hivyo, na siku ya nne (msicheke) mimi na Mama Zaituni tulikuwa tumeinama bandani tukiangalia mavi.

“Mwanangu, ona,” akasema, “sasa iko inashika. We umeletwa na Mungu.”

Sifa ile ndiyo iliyoniharibu. Siku mbili kabla ya posa, chakula kilichochacha kilikuwa kinaisha na mimi nilikuwa nimesahau kuloweka kingine, na badala ya kusema nimesahau, nikaenda nyuma ya soko kwa mwanamke anayeuza urwagwa, ile pombe ya ndizi, nikaomba kikombe cha machicha yanayobaki chini ya pombe, nikakimimina kwenye pipa jipya la chakula nilicholoweka ili mambo yaende haraka. Nikabana kifuniko harufu isitoke, nikalificha jikoni nyuma ya kuni, kwenye joto. (Nilijua ile ni nyumba ya swala tano. Nilijiambia kwamba pombe yenyewe ni ya kuku.)

Wageni wakaja, wakazunguka sinia la pilau, mbele yao Mzee Hamadi, ami wa bwana arusi, mtu wa Butihinda aliyekulia Tanzania. Nilikuwa naleta maji ya kunywa, mara jikoni kukasikika pah, kifuniko cha pipa kikaruka, na harufu ikafika sebuleni kabla yangu.

Mzee Hamadi akaacha kutafuna. “Mama, katika nyumba hii inapikwa pombe?”

“Pombe? Kwangu?” Mama Zaituni alishangaa kweli. “Mzee, tangu bwana yangu iko hai mpaka leo, mi sijaona pombe kwa hii nyumba. Naapa kwa…”

“Mama, usiape,” nikasema.

Pazia alilokuwa amesimama nyuma yake Zaituni, binti anayeposwa, likaacha kutikisika. Nikaungama kikombe kile, na kwa vile nikiogopa sijui pa kusimama, nikaendelea mpaka Gitega, nikaingia kwenye utumbo wa kuku, nikatokea upande wa pili. Nikaeleza jinsi mavi yalivyokuwa maji, yakawa uji, yakaja kukaza, na kila nilipofika hatua mpya mkono mmoja ulitoka kwenye sinia.

“Hawa mnaowala,” nikamalizia, “walikula pipa la kwanza, ambalo halina pombe. Mkitaka, twendeni bandani mkaone palivyo pakavu.”

“Kijana, nyamaza basi,” shangazi mmoja akasema, amejiziba mdomo kwa mtandio.

Mama Zaituni alikuwa ameangalia mkeka. Hapo ndipo aibu iliponishika hasa.

Mzee Hamadi akawatazama wenzake. “Mama huyu alitaka kuapa kwa lile alilolijua,” akasema. “Kosa si lake.” Kisha akanigeukia. “Hayo mavi yalikaza siku ya ngapi?”

“Ya nne, mzee.”

“Wangu wanaharisha wiki ya pili sasa.” Akachukua paja la kuku, akalila lote, na wengine wakarudisha mikono taratibu. Posa ikapokelewa.

Nilimwaga lile pipa shimoni na kulisugua kwa majivu mpaka magharibi. Mama Zaituni akaja kusimama karibu.

“Si pombe imeniumiza,” akasema. “Ni vile ulinificha, na mi nilikuwa nakusifu kwa watu. Kesho uende na mzee, uangalie kuku yake.”

Tangu siku ile, nikisahau kuloweka nasema nimesahau. Tulifika Butihinda kesho yake, na mke wa Mzee Hamadi akanionyesha chumba kidogo ubavuni mwa banda. Mumewe alikwisha kumsimulia yote, kwa hiyo kabla ya kunifungulia aliomba begi langu, akalinusa, akalinusa tena, ndipo akanipa mkeka.

“Ukila na sisi,” akasema, “utaongea habari za mvua tu.”